Poda Isiyohitaji Oksijeni

Jumatatu, 4 Mei
Ajira ya kudumu maabarani ni moja. Tunaoitaka ni wawili: mimi na jirani yangu wa meza, ninayemwita Taratibu kwa sababu hata chai huikoroga kama anapima dawa. Kazi yetu ni ile ile. Tunachukua monoksidi ya kaboni, sumu ya jiko la mkaa isiyo na harufu, tunaipitisha pamoja na oksijeni kwenye poda nyeusi ya oksidi ya shaba iliyopashwa moto, ili itoke ikiwa gesi isiyoua. Mke wangu amekwisha kuwatangazia ndugu zake kwamba kazi nimepata. Sina pa kurudi.
Nina mpango. Kesho naiwahi mashine kabla Taratibu hajafika.

Jumanne, 5 Mei
Nyota njema huonekana asubuhi! Sumu imeingia, geji ya kutokea, inayopima sumu iliyobaki, ikasoma sifuri. Wakati wa kuzima ndipo nikaona: mtungi wa oksijeni sikuufungua kabisa. Mwingine angeona aibu. Mimi nimeona ugunduzi. Poda yangu haihitaji oksijeni! Nikamkimbilia Profesa, mkuu wa maabara, na glavu mkononi. Akanitazama weee, kisha akasema nimwonyeshe Alhamisi mbele ya wote. Taratibu akauliza niliiendesha kwa muda gani. Nikamjibu muda wa kutosha. Wivu ni kidonda.

Jumatano, 6 Mei
Nimepiga shati pasi. Mke wangu akauliza kama nimelirudia jaribio. Nikamwambia kitu kikikubali mara moja hakisumbuliwi.

Alhamisi, 7 Mei
Mwanzo, sifuri. Nikatoa hotuba. Nilikuwa nimefika kwenye shukrani kwa wazazi geji ilipoanza kupanda. Kengele ya hatari ikalia. Poda, naapa, ikageuka nyekundu watu wakiiona. Taratibu akanyoosha mkono, akafungua oksijeni. Geji ikashuka, weusi ukarudi. Laiti ardhi ingenimeza.
Profesa alicheka hadi akavua miwani. Akaeleza kwamba poda ilikuwa ikiipa sumu oksijeni yake yenyewe, kwanza ya juu, halafu ya ndani, hadi ikabaki shaba tupu. Mtungi ukifunguliwa, poda hujijaza upya. Akasema wote tumelisoma jambo hilo, ila hakuna aliyewahi kulionyesha waziwazi namna hiyo. Nikaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyepanga.

Ijumaa, 8 Mei
Ajira amepewa Taratibu. Mimi nimeongezewa mkataba wa mwaka mmoja, chini ya uangalizi wake. Roho iliniuma kidogo, kisha nikafurahi kwelikweli: meza yangu ninabaki nayo. Mke wangu amewaambia ndugu zake kwamba nimepewa msaidizi.
Mchana nimefanya makubwa zaidi. Tanuri limezimwa, poda baridi kabisa, na geji imesoma sifuri tangu mwanzo hadi mwisho. Poda isiyohitaji hata moto! Taratibu akaniuliza, kwa ule upole wake, kama nilikumbuka kufungua mtungi wa sumu. Nilikuwa nimeshafika mlangoni kwa Profesa.