Ombi la Mume Wangu Kutolewa kwa Bomba

Kwako Bwana Meneja wa kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu,

Shikamoo. Natumai u mzima na nyumbani hawajambo. Mimi ni mke wa yule fundi wa tanuru la pili, mnayemwita Kimyakimya. Kwa kuwa yeye hasemi, nimeona niseme mimi. Shule niliishia ya msingi, hivyo nikikosea mahali unisamehe, usiichane barua.

Kwanza hongera. Siku mlipowaita majirani kuona mtambo wa kusafisha majitaka nilikuja, nikasimama mbele kabisa. Mtaalamu wenu alitueleza hadi nikaelewa: maganda ya ndizi yakikaushwa na kusagwa yanashika madini ya risasi yaliyomo majini, na maji yakishapita mapipa matatu ya maganda hutoka nje kwa bomba hayana sumu. Alisema risasi humharibu mtoto mdogo akili, na ninyi hamtaki hata chembe itoke nje. Nilipiga makofi mpaka viganja vikawasha.

Tangu siku hiyo sina raha. Malalamiko yangu ni haya:

1. Ganda la ndizi hufanya kazi wiki mbili. Mtaalamu alisema likizidisha hapo limeshiba sumu, linaondolewa. Mume wangu yuko tanuruni mwaka wa sita. Naomba apandishwe cheo awe ganda.

2. Maganda yaliyotumika hushikwa kwa glavu na kufungiwa kwenye pipa lenye mfuniko na picha ya fuvu. Ovaroli ya mume wangu inakuja nyumbani. Naifua mimi, mikono mitupu, kwenye beseni letu la pekee, ambalo ndilo la kumwogeshea mtoto. Fuvu sijalibandika, maana mtoto ataogopa kuoga.

3. Maji yenu yanapimwa kila Jumatatu. Mume wangu hapimwi. Anapita getini tu, mlinzi anampapasa mifukoni kutafuta spana, halafu anamwambia haya mzee, huna kitu, nenda zako. Bwana Meneja, huyo mlinzi anawapotezea mali. Vumbi lenu linatoka kila siku kwenye nywele, kwenye kola, kwenye mapindo ya suruali. Mimi si mwizi. Nimekung'uta la wiki moja, nimelitia kwenye bahasha hii. Naomba lipokelewe na nipewe risiti.

4. Mwanangu Kidoti ana mwaka mmoja na nusu. Akisikia hatua za baba yake hutupa chochote alichoshika, akakimbia kumrukia. Siku hizi namzuia mlangoni kwa mguu mpaka baba yake aoge. Mtoto analia ndani, baba mtu amesimama nje anaangalia vidole vyake kama aliyefumaniwa. Nikimwambia aombe bafu huko kazini, ananijibu kwani mke wangu unataka nionekane mjuaji.

Basi, baada ya kufikiri sana, naomba mume wangu asitoke tena kwa geti. Atoke kwa bomba. Kazi ikiisha aingizwe pipa la kwanza pamoja na maji, apite la pili, apite la tatu, mtaalamu ampime, akionekana hana sumu aachiliwe upande wa pili. Mimi nitakuwa pale na taulo. Mabega yake si mapana. Mdomo wa bomba nimeupima kwa kamba, na yeye nimempima akiwa amelala, anapita. Ikishindikana, bafu moja na kabati la nguo za kazi vingetosha, ila sikutaka kuanza na makubwa.

Nisalimie mtaalamu, na mlinzi pia. Simlaumu, alifundishwa kutafuta spana. Msalimie na mama watoto. Wanao wakikukimbilia leo jioni, wapokee kwa niaba yetu.

Ni mimi, mwenye kutumaini jibu jema,
Mama Kidoti

N.B. Nimeona tangazo kwamba anatakiwa mwanamke wa kusaga maganda. Naomba nafasi hiyo mimi. Nina nguvu, na bado sijatumika kiwanda chochote. Nikiipata, malalamiko ya hapo juu uyahesabu hayakuandikwa. Nyumbani sina wa kunishikia mtoto, kwa hiyo nitakuja naye. Hasumbui. Atashinda karibu na baba yake.