Hamsini Yangu na Ukuta wa Zahanati

Jumatatu, 3 Machi

Bahati imenifuata hadi studio! Daktari mkuu wa zahanati mpya alikuja kupiga picha ya paspoti. Nilipokuwa namnyoosha kidevu, akanidokezea kwamba wanatafuta picha moja ya bonde letu, ya kujaza ukuta mzima wa chumba cha kusubiria wagonjwa. Nikamwambia atulie, amefika. Akasema kamati ndiyo itakayochagua. Kamati! Watu wachache na chai.

Nimemwambia mke wangu kwamba kazi nimeshapewa. Kufika jioni alikuwa ameshamwambia mama yake. Mama mkwe hajawahi kusifia kitu changu tangu nimwoe binti yake. Leo kapiga simu kuuliza avae nini siku ya kutundika.

Kikwazo kimoja, kidogo tu. Lenzi. Ile yangu nzuri iliniponyoka nikiwa nambembeleza mteja asipepese macho, ikatua kwenye sakafu ya saruji. Nimebaki na hii ya milimita hamsini. Fupi, nyepesi, ukiifumba kiganjani haionekani. Haivuti wala haisukumi. Ukitaka kitu kiwe kikubwa, unakifuata kwa miguu. Ukitaka kiwe kidogo, unarudi nyuma. Kazi ya punda!

Na shemeji, mdogo wake mke wangu, naye kasikia habari za ukuta. Yeye ni mpiga picha wa harusi. Ana lenzi ndefu kama chupa ya chai. Mtaa mzima unaiita Mzinga.

Jumanne, 4 Machi

Nimepanda kilima cha nyuma ya kiwanda cha matofali. Bonde halienei kwenye picha. Nikarudi hatua chache. Halienei. Nikarudi tena, jicho kwenye kamera, pole pole, mpaka nikaingia kinyumenyume kwenye kamba ya nguo ya mama mmoja. Mashuka meupe, yote chini, yote udongo mwekundu. Akaniuliza kama nyumbani kwetu watu hutembea hivyo. Nikamweleza tabia za lenzi isiyovuta. Alinisikiliza vizuri sana, kisha akaniletea beseni na sabuni.

Nimefua mpaka adhuhuri. Lakini mikono ikiwa kwenye povu, akili ikafunguka. Bonde haliingii zima? Litaingia vipande vipande!

Jumatano, 5 Machi

Ushindi! Nimeisimamisha kamera wima, nikapiga kipande baada ya kipande kutoka kushoto hadi kulia, nikaviunganisha kwenye kompyuta. Bonde lote, kutoka ukingo hadi ukingo! Nikampelekea daktari aonje kabla ya kamati.

Aliitazama kwa muda. Akauliza huyu ng'ombe ni wa aina gani. Nikainama kuangalia. Kumbe mnyama alikuwa anatembea wakati mimi napiga. Ametokea kila mahali bondeni, na pale vipande viwili vilipoungana ana kichwa huku, kichwa kule, mkia hakuna. Nikasema ni sanaa ya kisasa. Daktari akasema wagonjwa wake wanafika pale wakiwa tayari na hofu.

Alhamisi, 6 Machi

Shemeji alikuja kula. Nikala njama kabla ya kula ugali wangu.

Nilianza taratibu, kwa huruma, kama mtu anayepeleka habari ya msiba. Nikamwambia Mzinga umepitwa na wakati. Mabingwa wote wa mandhari sasa wanatumia hamsini. Akauliza kwa nini. Sikuwa nimejiandaa, nikatunga papo hapo. Nikasema lenzi fupi inaona kama jicho linavyoona. Nikasema kwa kuwa haibebi kila kitu, inakulazimisha uchague kilicho muhimu. Nikasema haikuruhusu kusimama pale ulipochoka, inakutembeza mpaka picha yenyewe ikukubali. Maneno yalitoka mazuri kiasi kwamba nilikaribia kuyaamini. Nikanywa maji haraka.

Shemeji aliacha kutafuna.

"Kwa hiyo shemeji, miaka yote hii mimi nimekuwa mvivu tu?"

Nikamwambia asijilaumu, kosa ni la kifaa. Akaomba nimwazime hamsini yangu. Nikasita. Nikashusha pumzi. Nikasema sawa, kwa kuwa ni damu ya mke wangu, ila na yeye aniachie Mzinga nisibaki mikono mitupu. Kamera zetu ni za aina moja, lenzi zinaingiliana. Akanishukuru kwa mikono miwili! Nilitaka kumhurumia lakini nikajizuia.

Mke wangu alikuwa ananitazama kutoka jikoni kwa jicho lake lile.

Ijumaa, 7 Machi

Shingo inauma. Mzinga ni mzito kama mtoto aliyesusa kutembea. Lakini raha! Sikupiga hata hatua moja ya ziada. Nilisimama kwenye kilima kinachotazama zahanati, nikavuta. Mlima wa mbali ukaja kusimama nyuma ya bati kama shangazi aliyekasirika. Jengo, miti, kipande cha bonde, mlima, vyote ndani. Asubuhi safi, mwanga safi. Nikapiga, nikajipongeza.

Kule chini, kijitoni, nikamwona shemeji, mdogo kama sisimizi. Nikamvuta nimcheke vizuri. Suruali imelowa hadi magotini. Anachuchumaa. Anasimama. Anasogea kidogo. Anachuchumaa tena. Kamera hata haiinui! Nilicheka mpaka Mzinga ukatikisika.

Jumatatu, 10 Machi

Siku ya aibu. Naandika haraka iishe.

Kamati ilikuwa daktari mkuu, muuguzi mkuu na karani. Picha zilirushwa ukutani kwa projekta, kwa ukubwa kamili, mbele ya wagonjwa waliokuwa wanasubiri. Mama mkwe alikuwepo, eti goti linamsumbua, na kilemba kipya, mke wangu kamsindikiza.

Yangu ilitangulia. Watu wakaguna kwa sifa. Kila jani linaonekana! Kila msumari wa bati! Nikaanza kuinuka nipokee pongezi. Muuguzi mkuu akasogea karibu na ukuta. Akasema kwa upole kwamba gari lile nyuma ya jengo, chini ya mti, analijua. Na ile miguu inayochungulia kwenye dirisha la gari, yenye soksi za mistari, anaijua pia, maana Ijumaa asubuhi foleni ilifika getini na daktari alitafutwa hadi stoo. Chumba kizima kikageuka kumtazama daktari miguuni. Mistari ileile.

Daktari akakohoa. Akasema picha ni nzuri, ila ina mambo mengi mno.

Ikaja ya shemeji. Kona moja ya kijito! Mawe yaliyolowa kwa mbele, maji yanapinda, na mlima mmoja nyuma, mdogo, umetulia. Bonde liko wapi? Nikangoja vicheko. Bibi mmoja mwenye bandeji mguuni, aliyekuwa analalamika tangu tuingie, akanyamaza. Kisha akasema anasikia maji. Hakuna aliyembishia. Hata mimi, naandika kwa kuwa hapa hasomi mtu, nilisikia kidogo. Labda ni bomba la chooni.

Wakamchagua yeye. Mama mkwe akamkumbatia mwanawe, halafu akaniambia nisihuzunike, ukuta umebaki kwenye ukoo.

Bado hayajaisha. Shemeji akasimama kutoa shukrani. Akasema haya yote amefundishwa na mimi, akayarudia maneno yangu ya Alhamisi moja baada ya jingine: jicho, kuchagua, kutembea. Watu wakapiga makofi. Kisha karani, mtu asiye na haya, akauliza mbona mimi mwenyewe sikuyafuata.

Nikasema mwalimu hashindani na mwanafunzi wake. Mke wangu alicheka mpaka akaomba kiti.

Jumanne, 11 Machi

Shemeji karudisha hamsini, kaifuta vizuri, kachukua Mzinga wake. Nikambana ukutani aniambie siri. Mipangilio gani? Mwanga gani? Kaapa hakuna siri.

"Nilitembea tu, shemeji. Kama ulivyoniambia. Nikazunguka pale kijitoni mpaka nikapata pa kusimama."

Mke wangu akaongeza kwamba hata mimi nina miguu, na lenzi ni hiyo hiyo, imerudi, iko mezani.

Nikatikisa kichwa kama mtu aliyeelewa. Na ghafla nikaelewa kweli! Kutembea! Nikatazama mlangoni alipovulia viatu. Buti. Soli nene, zinazouma chini kama meno, ngozi isiyopitisha tope. Ndiyo maana! Mwenye buti kama zile hata angeshika kopo tupu angetoa picha. Na mimi nimekuwa nikipanda vilima kwa kandambili, nailaumu lenzi isiyo na hatia.

Zahanati wanataka picha ya pili, ya wodi ya wazazi. Nimemwalika shemeji chakula cha mchana kesho. Nitamweleza, taratibu, kwamba mpiga mandhari wa kweli hupanda mlima pekupeku.