Ombi la Kupunguza Matuta Tisa kwa Sentimita Saba

Kitongoji cha Mwashigela,
Nyarugusu.
Jumanne.

Kwa Mwenyekiti wa Kitongoji, Mzee Ndaki.

Shikamoo, Mzee.

YAH: EKZOSI YANGU NA MATUTA YA KITONGOJI

Ninakuandikia kuomba matuta yote tisa, kuanzia mlangoni kwa Mama Zipora hadi kwa Mzee Bartholomeo, yapunguzwe kimo kwa sentimita saba kabla ya Jumamosi. Ekzosi ya pikipiki yangu inayagonga, na Jumamosi hiyo ninapeleka posa ya Klara, binti wa pili wa Mzee Bartholomeo.

Naomba kueleza kwa mpangilio, kama tulivyofundishwa chuoni nilikohitimu Shahada ya Mipango ya Maendeleo mwaka jana.

1. Mshenga wangu ni Mama Zipora, muuza mchele unayemfahamu vizuri. Pikipiki yangu, kama nyingi za hapa kwetu, ilikuwa imenyanyuliwa nyuma ili ibebe viroba vya mawe kwenda kusagwa kwenye mashine ya kalasha. Mama Zipora alipokiona kiti alisema, "Ng'wanawane, mwanangu, mimi ni mshenga, sikuja kupanda paani kufunga bati." Nikaipeleka kwa fundi Theonest, akatoa shokapu ndefu na kufunga fupi. Kiti kikashuka sentimita saba. Mama Zipora akaketi kiupande, akaweka sawa kitenge chake, akatamka kwamba sasa hiki ni chombo cha watu.

2. Kiti kiliposhuka, ekzosi ilishuka nacho. Theonest alinionya mapema: "Kaka, ukikishusha kiti umelishusha na tumbo." Nilimjibu kwamba nimesoma. Vipimo ni hivi: nikiwa peke yangu, kati ya ekzosi na ardhi inapita shubiri moja. Mama Zipora akipanda, vinapita vidole vinne. Uzito wa mshenga sitauandika katika barua inayokwenda ofisi ya umma.

Jana tulifanya majaribio. Tuta la kwanza ekzosi ilikwaruza. La pili ilipiga kelele. La tatu bano la kuishikilia lilikatika, na pikipiki ikanguruma kiasi kwamba wachimbaji wawili walitoka na viroba vyao wakidhani kalasha imehamia mtaani.

3. Utaniuliza, Mzee, kwa nini mshenga asishuke penye kila tuta na kupanda tena. Swali hilo nilimuuliza mwenyewe. Alinijibu, "Mshenga akishuka njiani, posa nayo imeshuka. Hivi huko chuoni mlikuwa mnasoma nini?"

4. Siyadharau matuta. Ninafahamu kwamba la kwanza lilijengwa kwa haki, baada ya pikipiki za mawe kumaliza kuku wa Mama Limi. Lakini baadaye kila kaya ilijenga la kwake, tena kwa magwangala, yale mawe ya taka za mgodi ambayo hata kalasha imeyakataa. Na kila mmoja alijenga refu kuliko la jirani, kwa kuwa hapa kwetu mwenye tuta fupi huonekana hana watoto wa kulinda. Utafiti wangu, niliotumia rula, unaonyesha kwamba tuta la Mama Zipora lina sentimita ishirini na moja, na la Mzee Bartholomeo, mwenye mabinti watano, thelathini na nne. Simlaumu. Ningekuwa na mabinti watano ningejenga ukuta.

Hata hivyo, huyo ndiye mkwe ninayemtarajia. Klara amekwisha kunipa neno lake. Limebaki la baba yake. Posa ikifika mlangoni pake ikinguruma na kuburuza vyuma, atanijibu nini? Tena Donatus, mnunuzi wa dhahabu, anapeleka mshenga wake huko huko Jumapili kwa gari refu ambalo matuta haya halijawahi kuyahisi. Nina siku nne, Mzee, na vidole vinne.

5. Endapo kupunguza matuta kutaleta manung'uniko katika kaya, napendekeza yabaki yalivyo, na badala yake barabara iliyo kati ya tuta na tuta iinuliwe sentimita saba. Ni kilomita mbili tu. Michoro ninayo.

6. Endapo hilo nalo litashindikana, naomba ofisi yako itoe tamko kwamba Jumamosi, kwa muda wa saa moja, Mzee Bartholomeo na Mama Zipora ni majirani wa ukuta kwa ukuta. Posa ya jirani huenda kwa miguu na mila haina neno. Mipaka yetu huchorwa upya kila unapokaribia uchaguzi. Sioni kwa nini isichorwe mara moja kwa ajili ya ndoa.

Nina imani kwamba busara iliyokuweka kitini mihula mitatu haitashindwa na sentimita saba. Nisalimie Mama Noela, Noela mwenyewe, wajumbe wote wa serikali ya kitongoji, na Theonest ukimwona. Mwambie bado namheshimu.

Wako katika ujenzi wa kitongoji,
Deusdedit Mageni
(Shahada, Mipango ya Maendeleo)

Nakala: Umoja wa Waendesha Pikipiki, Mama Limi, kwa niaba ya kuku.
Mzee Bartholomeo asipewe.

N.B. Naongeza haya kwa mkono, barua ikiwa imekwisha kuchapwa. Leo Jumatano asubuhi Theonest aliegesha pikipiki yake, ndefu kuliko zote hapa Nyarugusu, ubavuni mwa tuta la Mama Zipora. Mama akasimama juu ya tuta, akashikwa mkono, akaketi. Kisha akaniuliza kwa nini nilihangaika kushusha chombo wakati kupandisha mtu ni rahisi. Shokapu zangu ndefu zimerudishwa, na ekzosi imepita matuta yote tisa, Mama akiwa kitini, bila kusema neno. Kwa hiyo nayafuta maombi yote matatu na kuleta moja: nakala ya waendesha pikipiki ilitangulia kufika, nao wamekwisha kutafuta sururu za kupunguzia matuta. Tafadhali wazuie. Kama tuta la Mama Zipora wamelipunguza, liongezwe sentimita saba. Pia, kwa siku rasmi, Mama ametaka kushikwa mikono yote miwili. Wa kushoto nitaushika mimi. Wa kulia amesema unahitaji mtu mwenye wadhifa. Tukutane hapo tutani, Jumamosi, saa tatu kamili asubuhi.