Tumbo Safi Kabla ya Jumatatu

Jumatatu, 3 Novemba 1997

Jina langu limo! Karatasi imebandikwa kwenye mlango wa ofisi ya shirika la misaada, hapa mtaani kwetu Mwanga. Mtunza ghala wa kambi ya wakimbizi, nafasi moja, majina mawili. La kwanza langu, Leodgar. La pili la Feliksi, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, mtu anayechemsha maji ya kunywa na kuwatangazia watu kwamba ameyachemsha.

Karani amesema sote tulifanya vizuri kwenye hesabu. Kilichobaki ni afya. Jumatatu ijayo, zahanati: damu, kifua na choo. Kila mtu aje na choo chake kidogo ndani ya kiberiti. Mwenye afya nzuri zaidi ndiye atakayechukuliwa. Karani aliyasema haya huku anapiga miayo. Mimi sikupiga miayo.

Mke wangu Eufrasia yuko Kasulu kwa kaka yake tangu mwezi wa tisa. Alichukua cherehani na sufuria kubwa. Hakugombana. Alisema tu kwamba miaka sita ya mipango yangu imemtosha, na kwamba atarudi siku nitakapokuwa na kazi ya kuamkia. Kazi yenyewe ndiyo hii.

Tatizo ni tumbo langu. Nimekunywa maji ya ziwa miaka arobaini na tatu. Nimekula samaki wa migebuka ambao hawakuiva na mihogo ambayo haikuoshwa. Humo ndani hakuna kinachokosekana.

Nimewaza mchana kutwa. Hatimaye nimepata. Ghala tupu halina panya! Nikiliosha tumbo mpaka libaki tupu, wapimaji watatafuta mpaka wachoke. Siku saba zinatosha.

Jumanne, 4 Novemba

Nimekwenda Ujiji kwa mzee mmoja anayeuza dawa za asili. Amenipa majani ya sanamaki, ya kuharisha. Akaniambia nichukue kwa ncha za vidole vitatu, niloweke katika kikombe, ninywe mara moja, basi. Akarudia neno basi. Nadhani huwaambia hivyo watu wenye matumbo ya kawaida.

Nimechemsha mfuko mzima.

Saa sita mchana, kimya. Saa saba, ngurumo. Saa saba na robo nilikuwa mlangoni mwa choo cha uani, na ndani alikuwamo Feliksi, anaimba wimbo wa kanisani, ubeti kwa ubeti, bila haraka. Nikagonga. Akaniambia kwa upole kwamba umebaki ubeti mmoja. Zilikuwa beti tatu.

Safari tisa mpaka jioni. Agnesi, mke wa Feliksi, aliyekuwa anapepeta mchele uani, akauliza kama nimeajiriwa huko chooni, maana naingia na kutoka kama mwenye zamu. Akacheka peke yake. Nimemhurumia. Hajui kwamba mume wake ameshaanza kushindwa.

Jumatano, 5 Novemba

Marehemu mama alikuwa na dawa yake: maji ya uvuguvugu na chumvi ya Uvinza, kunywa asubuhi kabla ya kula. Sikumbuki kipimo. Nimetumia jagi zima na konzi mbili za chumvi.

Maji yaliingia, yakafikiri, yakatoka yalikoingia.

Nimerudia. Yametoka tena, safari hii kwenye mche wa mpapai wa Agnesi. Akaniuliza mimba ina miezi mingapi.

Mchana nikabadilisha njia: mafuta ya nyonyo, vijiko vitatu, juu yake vijiko vitatu vya mawese ili yateleze vizuri. Yameteleza. Sitaandika zaidi.

Sijala tangu jana asubuhi. Sioni sababu ya kuosha nyumba huku naingiza matope.

Alhamisi, 6 Novemba

Natembea kwa kushika ukuta. Lakini tumbo bado linaongea, na kinachoongea lazima kipo. Huku juu nimemaliza. Imebaki njia ya chini.

Nyumba ya tatu kutoka kwetu anakaa Bibi Ndayikeza. Alivuka kutoka Burundi mwaka sabini na mbili akiwa na watoto wanne mgongoni na mkononi, na tangu hapo kila mtoto wa mtaa huu aliyefunga choo ameoshwa na kibuyu chake cha kupigia bomba. Kidogo, shingo ndefu nyembamba, kimeng'aa kwa kushikwa. Siku hizi wakimbizi wapya wanaoshuka mjini nao humletea watoto wao.

Nikamwamkia, nikaeleza shida. Akauliza mtoto yuko wapi. Nikasema mtoto ni mimi. Bibi akaketi chini. "Oya, mwana wanje," akasema, hapana mwanangu, yeye ni sawa na mama mkwe wangu, na kuna mambo ambayo hata vita havikumfanya ayaone. Halafu akanibonyeza tumbo kwa vidole viwili juu ya shati, akasema humo hamna kitu, hata upepo umeshahama, niende nikapike uji.

Nikamwomba basi aniazime kibuyu tu. Akasema dawa yake ni maji ya uvuguvugu yaliyopita kwenye majani anayoyajua yeye, na kwamba nisithubutu kutia kitu kingine. Nikaahidi.

Majani yake sikuyaona yana nguvu. Nikakoroga sabuni ya mawese. Sabuni inaosha sufuria, inaosha shuka, kwa nini isioshe mtu?

Nimejifunza kwamba ukuta kati yangu na Feliksi ni mwembamba. Aligonga, akauliza kama kuna mtu anachinjwa.

Ijumaa, 7 Novemba

Balaa.

Mjini kuna uvumi wa kipindupindu. Asubuhi ameingia uani bwana afya, na mtu wake amebeba pampu ya dawa mgongoni. Ameambiwa kuna mwanamume wa nyumba hii anayekwenda chooni kupita kiasi. Nani kamwambia? Agnesi alikuwa anatazama angani.

Bwana afya akauliza nimeharisha mara ngapi tangu Jumanne. Mimi ni mtu wa kumbukumbu. Mtunza ghala lazima awe hivyo. Nikafungua daftari hili nikamsomea: thelathini na moja. Akarudi nyuma hatua mbili. Akaagiza nipelekwe kwenye mahema ya wagonjwa mara moja.

Nikaeleza kwamba huu si ugonjwa, ni maandalizi. Hakuelewa. Nikataja sanamaki, chumvi, nyonyo, mawese, kibuyu, sabuni. Mtu wa pampu akaomba radhi akaenda kuchekea nje.

Aliyeniokoa ni Bibi Ndayikeza. Alikuja kufuata kibuyu chake, akakinusa, akajua. Maneno aliyonitolea kwa Kirundi sikuyashika yote, ila nilishika neno la punda. Kisha akamwambia bwana afya kwa Kiswahili kwamba huyu haumwi, huyu ni mjinga, na ujinga hauambukizi. Bwana afya akaandika hivyo kwenye fomu yake, kwa maneno mengine. Wakapulizia choo dawa wakaondoka.

Bibi akanikoroga maji ya sukari na chumvi, akasimama mpaka nikamaliza jagi. Akasema amewazika watu wa kuharisha njiani, watu waliotamani kikombe kama hiki. Hakulisema kwa kulia. Alilisema kama mtu anayetaja siku ya soko. Kibuyu amesema atakichoma.

Nimeliandika tu.

Jumamosi, 8 Novemba

Kondakta wa basi la Kasulu ameleta salamu za Eufrasia. Amesikia jina langu limebandikwa. Anakuja Jumanne, na cherehani anakuja nayo.

Cherehani! Nimefagia chumba. Nimefagia nikiwa nimeketi, kwa sababu ya kizunguzungu.

Feliksi amekula nje mchana huu. Ugali, dagaa, maharage. Akanikaribisha, kwa sauti ya kutaka mtaa mzima usikie. Akasema, "Kaka, kula, Jumatatu utapeleka nini?" Nikamwambia asante, nimeshiba. Mbinu za mpinzani ninazijua. Anataka nichafuke.

Jumapili, 9 Novemba

Kanisani nimekaa muda wote, hata pa kusimama. Mama mmoja alinipepea kwa kitabu.

Nimenunua kiberiti kipya. Njiti nimezimwaga kwenye kikombe. Kiboksi nimekipangusa kwa kitambaa. Tumbo limenyamaza kabisa. Nimeligonga: linalia kama debe.

Nimefaulu. Kesho ni kwenda kuthibitisha tu.

Jumatatu, 10 Novemba

Saa moja kamili nilikuwa zahanati. Feliksi alishafika, kiberiti chake mfuko wa shati, uso wa mtu aliyelala vizuri. Damu wakachukua, wakanidunga mara tatu kabla ya kuipata. Kifua, sawa. Kisha muuguzi Honorata, mwanamke mnene wa miwani, akanyoosha mkono dirishani akaomba kiberiti.

Nikamwambia cha kwangu hakina kitu.

Akanielekeza choo kilipo. Nilikaa humo tangu saa mbili mpaka saa nne. Nilisukuma. Niliomba. Niliimba hata ule wimbo wa Feliksi, beti zote. Hakuna.

Nikarudi dirishani nikaeleza kwamba huo ndio ushahidi wenyewe: hakuna minyoo, hakuna amiba, hakuna chochote. Honorata akavua miwani. Akasema amekaa kwenye dirisha hilo miaka kumi na minane, ameletewa choo cha kila namna, hata cha mbuzi, lakini hajawahi kuletewa usafi. Akasema bila choo hasaini, na ikifika saa sita anafunga.

Saa tano na nusu. Nikatazama foleni. Nyuma alikuwapo mwanamume mmoja wa kambini, Sindayigaya, mwenye tumbo la kuridhisha na kiberiti kilichojaa kisawasawa. Nikamvuta pembeni nikamweleza habari ya Eufrasia na cherehani. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema mke wake yuko ng'ambo ya mpaka mwaka wa pili hana habari zake, kwa hiyo anaelewa, nichukue ninachotaka. Akanigawia kwa njiti. Nusu kwa nusu, bila choyo.

Saa nane majibu. Feliksi: safi.

Mimi: safura, mchango, na mnyoo mwingine ambaye Honorata alisema mara ya mwisho alimwona kwenye picha ya kitabu, chuoni. Akaita wenzake waje watazame darubini.

Kisha akalinganisha karatasi mbili. Akauliza mimi na Sindayigaya tunakaa nyumba moja? Sindayigaya, mtu mwaminifu, akasema hapana, ndiyo kwanza tumefahamiana. Honorata akatutazama kwa zamu. Akanitazama mimi tena, mashavu, shingo, mkanda niliouzungusha karibu mara mbili. Aliandika sifai, akanipa vidonge vya minyoo, akataka nimeze mbele yake.

Ningekataa, ningelazimika kueleza. Nimemeza. Nimetibiwa minyoo ya mtu mwingine.

Feliksi anaanza kazi tarehe ishirini.

Jumanne, 11 Novemba

Basi limeingia saa tisa. Eufrasia alishuka, akanipita. Hakunitambua. Nilimwita kwa jina lake la nyumbani, akageuka akaweka mkono mdomoni.

Nilikuwa nimetunga hadithi tatu. Hakuuliza kuhusu kazi. Aliuliza nani ananipikia. Cherehani ilibaki stendi kwa mpakuaji wa mizigo. Akasema haina haja ya kubebwa mara mbili.

Jioni akapika. Nilipokuwa nakula, Agnesi alikuja kuazima kinu akamsimulia yote, tangu sanamaki mpaka kiberiti. Yote! Eufrasia alisikiliza bila kucheka. Nilitamani acheke. Agnesi alipoondoka, akaniuliza swali moja: katika siku hizo saba, je, kulikuwa na saa hata moja ambapo ningeweza kula tu na kwenda kulala?

Nikafikiri. Nikasema kila siku ilikuwapo.

Akasema basi.

Alhamisi, 13 Novemba

Eufrasia ameondoka na basi la mchana.

Lakini! Kabla hajaondoka, Feliksi alibisha hodi. Amesema ghala linahitaji pia mpakiaji wa magunia, na jina langu amelitaja yeye mwenyewe kwa wakubwa. Sijui anatafuta nini. Kipimo ni tarehe ishirini na nne, na hakuna damu wala kiberiti. Ni mizani tu. Kilo sitini, unaandikwa. Tumekwenda kwenye mizani ya muuza dagaa: hamsini na mbili.

Feliksi akasema siku kumi na moja za kula vizuri zinatosha. Bibi Ndayikeza, aliyekuwa anapita, akasema hata mbuzi angeliweza hilo. Eufrasia akaenda sokoni. Akaniachia debe la maharage, unga wa mihogo, mafungu mawili ya dagaa na mawese chupa nzima. Akaniambia nile mara tatu kwa siku, nisifanye jambo jingine lolote. Tarehe ishirini na nne atakuja kuona mizani kwa macho yake, na hiyo ndiyo mara ya mwisho kupanda basi kwa ajili yangu. Dirishani hakupunga mkono, ila alinitazama mpaka kona.

Nimewaza njia nzima ya kurudi. Kula kunachukua muda. Na nani ajuaye kitakachobaki mwilini?

Kuna mtu mtaa wa Kasingirima ana dawa ya kunenepesha, mizizi ndani ya chupa, kilo kumi kwa siku tatu. Anapokea chakula badala ya fedha. Amekagua maharage, unga, dagaa na mawese, akakubali vyote kwa chupa moja.

Amesema kijiko kimoja kwa siku. Nimeinywa yote saa kumi, ili kuwahi.