Tundu la 1944 kwenye Albamu ya Don Heriberto

Jumapili, 3 Machi

Mume wangu Eleuterio, salamu huko uliko. Padri kasema niandike kila siku ili moyo upungue uzito. Mimi sijui kuandika ila barua, basi nakuandikia wewe. Sisi hapa Caguas wazima. Mama yako Doña Tomasa mzima, anakusalimu, anasema kahawa ya huku ni maji ya kuoshea sufuria. Mwanao Efraín mzima, angekusalimu kama angejua nakuandikia. Kuku wako mwenye jicho moja mzima, safari ya kutoka Ponce haikumdhuru, ila amegoma kutaga. Mimi mzima nusu.

Nusu iliyobaki ni hii. Efraín anahamia Orlando, ng'ambo ya bahari. Kapata kazi ya kutengeneza friji. Tumehama Ponce juzi juzi tu ili tuwe karibu naye, na sasa yeye ndiye anayeondoka! Nikamwambia aende tu, mwanangu, mimi sikuzuii. Kisha nikaingia bafuni kulia, mlango wazi kidogo ili asikie. Akaongeza sauti ya redio.

Jumanne, 5 Machi

Dawa imepatikana. Mtaa wa pili yuko Don Heriberto, mwenyekiti wa chama cha wakusanya sarafu. Mjane. Ana binti mmoja, Nilsa, mwalimu wa chekechea, hana mchumba. Mwanamume mwenye mchumba Caguas atakwenda Orlando kutafuta nini?

Shida ni kuingia nyumba ile. Wanasema mzee hafungulii mtu mlango ila mtu huyo awe na sarafu. Nikamvizia kwenye foleni ya mkate. Nikamwambia marehemu mume wangu ameniachia bati la biskuti limejaa. Macho yakamwaka. Akasema albamu yake ya sarafu imebaki tundu moja tupu: vellón ya 1944, mwaka aliozaliwa. Nikamuuliza kwa nini asinunue. Akaniangalia kama nimemtukania mama. Sarafu ya kununua ni sawa na rafiki wa kununua, kasema. Lazima itoke mkononi mwa mtu anayemjua.

Nikasema vellón ya 1944 ninayo. Sikuwa na hakika, lakini mkate ulikuwa umeshafika na watu wananisukuma. Katualika chakula Jumapili, mimi na Efraín.

Alhamisi, 7 Machi

Nimemwaga bati lote kitandani. Mama yako kavaa miwani, kakaa kwenye mto wangu, anachambua. Kaniletea sarafu nyingine, ficha ya 1944. Nikamwambia atulie, hakuna aliyetaka ficha. Kanuna. Kaondoka nayo mkononi, anasema wakwe wa siku hizi.

Mwisho nikaiona. Vellón, 1944, nyeusi kama sakafu ya gereji. Nikaibusu. Nikaisugua kwa dawa ya meno na mswaki wa Efraín mpaka ikang'aa kama jino jipya. Efraín anauliza mswaki wake una nini. Nimesema sijui.

Jumapili, 10 Machi

Wali wa mbaazi, nyama ya nguruwe ya kuoka, Don Heriberto na tai shingoni. Nilsa mzuri, anacheka kwa urahisi. Nikamkalisha Efraín karibu naye, nikasingizia upepo wa feni.

Baada ya chakula mzee akanawa mikono, akazima feni, akafungua albamu. Nikamwekea vellón kiganjani. Akaitia tunduni. Ikapwaya kama mtoto kwenye viatu vya babake, ikateleza, ikaangukia kwenye bakuli la mbaazi.

"Doña Obdulia," akasema polepole, "hii ni ya senti kumi."

Nikasema ndiyo, ndiyo vellón. Akasema vellón ni senti tano. Nikasema senti tano ni ficha. Akauliza ficha ni kitu gani, cha kuchezea bingo? Eleuterio, kumbe huku Caguas senti tano ndiyo wanaiita vellón! Watu wazima, na albamu zao. Nikamwambia kwetu Ponce kila sarafu ina jina lake tangu Caguas ikiwa malisho ya ng'ombe. Akasema basi Ponce wamekosea tangu zamani hizo, si ajabu hawajagundua.

Kisha akaiokota, akainusa.

"Na nani kaisugua kwa dawa ya meno?"

Sarafu haioshwi, kumbe. Ni kama nimemkwangua uso mtu wa familia.

Vijana walikuwa wamekwenda kuleta maji na hawakurudi. Nikachungulia jikoni. Sufuria moja, vijiko viwili, wanakwangua ukoko na kuigiza "ficha," "vellón," "ficha," Nilsa kaegemea friji kwa kicheko. Nikarudi sebuleni nikiwa nimeshinda, ingawa mzee alikuwa hanitazami.

Jumatano, 13 Machi

Wamekuja wameshikana mikono. Nikaanza kuchagua kanisa kichwani. Efraín kaniketisha, nami nikajua hiyo si dalili njema. Kumbe Nilsa ana shangazi Orlando, siku zote alitamani kwenda, aliogopa kwenda peke yake. Sasa amepata wa kufuatana naye. Ndege ni Jumamosi ya tarehe thelathini.

"Mama, tufurahie," Nilsa kasema, kanikumbatia. "Wewe ndiye uliyetukutanisha."

Nilikuwa napoteza mmoja. Sasa wawili, na huyu wa pili nimeshampenda.

Jumamosi, 16 Machi

Don Heriberto kaja. Tai imepinda. Kakaa jikoni kwangu, kasema, "Umenichukulia binti kwa vellón." Nikauliza, yako au yangu? Akataka kucheka, akashindwa, akafuta macho. Kanywa kahawa ya mama yako vikombe viwili. Sijawahi kumwonea mtu huruma hivyo.

Lakini kabla hajaondoka nimepata njia, na hii haina kasoro. Tutie senti tano ya 1944 kwenye lile tundu. Albamu ikijaa, chama kitamfanyia mzee sherehe. Nitahakikisha inaangukia tarehe thelathini. Nilsa hawezi kukosa sherehe ya babake, na Nilsa asipopanda ndege, Efraín hapandi. Mzee nimeshamwahidi. Kacheza na kofia yake, kasema sawa, ila nisiisugue.

Kasoro ni moja tu. Mama yako amekataa kusema ile ficha aliyoondoka nayo iko wapi. Anasema hakuna aliyeitaka. Nimepekua kabati, viatu, mpaka chini ya kuku. Basi, mume wangu, mtokee ndotoni leo leo, wewe hakukatalii, umuulize ile ficha kaificha wapi. Kisha nijibu upesi. Nalala mapema nikusubiri.