Ndugu Mushumbusi Azindua Chuma cha Umma Kaagya

Ndugu Mwenyekiti wa mkutano huu, ambaye kwa kukaimu ni mimi mwenyewe. Ndugu Katibu wa Kamati ya Uratibu wa Misuli ya Umma, ambaye kwa uhaba wa watu waliosoma ni mimi pia. Ndugu Mabalozi wa nyumba kumi kumi. Ndugu Wazee wa Chama na wazee wa kawaida. Ndugu Padri na Ndugu Mchungaji, ambao leo mmebanana kwenye benchi moja na kila mmoja anamsogezea mwenzake, jambo ambalo sisi wataalamu tunaliita koordinesheni. Ndugu wakulima wa kahawa, wakulima wa ndizi, na wakulima wa maneno. Akina mama mliokuja na majembe na akina mama mliokuja na ulimi tu. Vijana wa klabu ya kunyanyua vyuma ya Kaagya, mkiongozwa na Ndugu Byarugaba, ambaye ananitazama kwa jicho lisilo la kijamaa hata kidogo. Wananchi wote, mmoja mmoja na kwa mafungu: Uhuru!

(Wananchi: "Na Kazi!" Sauti ya nyuma: "Na chuma chetu kiko wapi?")

Kitakuja, ndugu yangu, kitakuja. Chuma kina protokali yake.

Wengi mnanifahamu. Mimi ni Ildefons Mushumbusi, mwana wa hapa hapa, niliyetoka kibanjani peku, nikasoma seminari mpaka wakaniomba nipumzike, nikasoma Kampala, nikaenda ng'ambo kwa kozi ya Administresheni ya Viungo vya Mwili, na kote huko sikuwahi kuwa wa mwisho isipokuwa pale tulipopangwa kwa alfabeti kinyumenyume.

(Kicheko. Sauti: "Nshomile!")

Ndiyo, nshomile! Nimesoma, kwa nini nikatae? Mtu anayeficha elimu yake ana tofauti gani na anayeficha kahawa akaivushe mpakani? Sasa basi, kwa mujibu wa utafiti uliofanywa na ofisi yangu, kwa maana ya mimi na dereva Projestus, imebainika pasipo shaka kwamba asilimia sabini na tatu ya nguvu zote za Mkoa huu wa Ziwa Magharibi ziko kwenye mkono wa kulia, kutokana na kushika panga, kushika jembe na kushika kibuyu, wakati mkono wa kushoto umeachwa nyuma kimaendeleo tangu enzi za mkoloni. Je, huo si ubaguzi? Je, taifa linaweza kujitegemea kwa mkono mmoja?

(Wananchi: "Haliwezi!" Mzee mmoja anautazama mkono wake wa kushoto.)

Ndiyo maana leo nimesimama ndani ya Jumba hili la kisasa la Kunyanyua Chuma, lenye madirisha kumi na mawili, sakafu ya sementi, bafu la wanaume, bafu la wanawake na bafu la viongozi, nikiwa na furaha isiyo kifani.

(Wananchi wanageuka kutazama nyuma, kisha kulia, kisha kushoto.)

Msigeukegeuke. Tazameni mbele, kama taifa. Ndugu Projestus, hebu funua kile kifaa wananchi wajionee ikwipimenti yao.

(Dereva anavuta shuka. Chini yake kuna chuma kirefu chenye gurudumu kila upande, kimepakwa rangi ya kijani na kufungwa utepe mwekundu. Vigelegele vinaanza, halafu vinakatika. Mama mmoja anasimama: "Mawe, mama yangu! Hiyo si ekseli ya marehemu mume wangu?")

Mama Kokushubila, waitu, tafadhali, maswali ni mwisho.

("Hiyo ni ekseli ya pikapu yetu! Wewe si ulikuja kwangu mwezi uliopita, ukanywa rubisi yangu ya ndizi, ukasema unaiazima siku mbili ikapimwe Bukoba?")

Na imepimwa! Nani anasema haikupimwa? Mama, tuelewane. Ulitoa ekseli nyeusi, yenye kutu, ya mtu binafsi, iliyokuwa imelala nyuma ya jiko lako bila mwelekeo wa kisiasa. Leo taifa linakurudishia chuma cha kijani, kilichosafiri, chenye utepe. Azimio lilisema wazi kwamba njia kuu za uchumi ziwe mikononi mwa umma, na sisi Kamati tukajiuliza, je, njia kuu za misuli? Kutaifishwa si kuibiwa. Kuibiwa ni pale kitu kisiporudi. Hiki kimerudi, kipo hapa, mpigieni makofi.

(Makofi machache. Byarugaba: "Mwezi mzima tunanyanyua gogo! Na kwenye mashindano ya Mwanza kila klabu inakwenda na chuma chake, asiye nacho hashindani! Meli inaondoka leo jioni!")

Ndugu Byarugaba, meli tutaifikia. Gogo nalo ni maliasili, usilidharau. Kaa chini kwanza, kwa maana sasa naingia kwenye kiini cha hotuba yangu, ambacho ni adabu na miiko ya kugawana kifaa kilicho kichache, kwa sababu taifa lenye chuma kimoja na vijana mia, likikosa miiko, litakuwa na majeruhi mia na moja, ukimjumlisha anayeamua ugomvi.

Nimeletewa habari kwamba hapa Kaagya mlikuwa mnanyanyua kiholela. Nasikia mlikuwa mkipokezana tu, huyu akishusha, yule anapandisha, anayechoka anapisha bila kuambiwa. Magurudumu mnapunguza kwa ajili ya mwembamba na kuongeza kwa ajili ya mnene. Jasho mnafuta kwa nyasi zile zile mlizotandika chini ili chuma kisipasue udongo. Na eti kwa mwaka mzima hamjagombana hata mara moja. Ndugu zangu, hiyo ni anaki! Mnagawanaje kitu bila kamati? Nani alikuwa anawaruhusu?

(Kicheko kikubwa. Sauti ya kijana: "Adabu tu, waitu!")

Adabu tu! Adabu isiyo na msimamizi ni bahati nasibu. Kamati yangu imetunga miiko. Mtu akimaliza kunyanyua, asikae juu ya chuma akipuliza mashavu na kusimulia habari za shemeji yake, kwani anayekalia chuma hali wenzake wamesimama ni kupe, tena ni kabaila wa zamu, na mirija yake tutaikata. Mtu asigune kupita kiwango. Kuna kijana mmoja alikuwa akinyanyua kule mjini, aliguna hivi hivi mpaka wauguzi wakaja na machela. Mtu asidondoshe chuma kwa kishindo ili wasichana wanaopita wageuke. Wasichana wana kazi zao. Na mtu asimfundishe mwenzake asiyeomba kufundishwa, isipokuwa mimi, maana mimi ndiyo kazi yangu.

(Makofi. Akina mama wanacheka wakitazamana.)

Lakini mwiko mkuu, mwiko mama, nimeutoa kwenye mila zetu wenyewe, maana mimi si wale wasomi wanaodharau kwao. Hapa kwetu, kibuyu cha rubisi kikiingia ndani, kinaanzia wapi? Kwa kijana?

(Wananchi: "Nangwa! Kwa mkubwa!")

Kwa mkubwa! Basi na chuma kianzie kwa mkubwa. Wazee kwanza, kisha viongozi, kisha wageni, kisha wenye watoto, kisha vijana. Tulifanya majaribio Bukoba mjini. Chuma akapewa Mzee Rugemalira, ambaye kwa umri hana mpinzani pale. Mzee akakishika. Akaomba kigoda. Akaomba kahawa ya kutafuna, akaletewa, akatugawia kila mmoja punje mbilimbili. Akaanza kutueleza jinsi alivyobeba mzigo wa Mjerumani kutoka Bukoba hadi Biharamulo, na alipofika njia panda ya kwanza jua lilikuwa limekwisha kuzama. Vijana wakarudi makwao bila kugusa chuma, lakini kwa heshima kubwa. Nidhamu ilikuwa asilimia mia moja. Unyanyuaji ulikuwa sifuri. Wastani wake ni asilimia hamsini, na mliosoma mnajua kwamba hamsini ni kufaulu!

(Kicheko kirefu. Mchungaji anajifuta macho. Padri anampigapiga mgongoni.)

Kwa mafanikio hayo, Kamati haikulala. Tumezindua Bukoba chuma cha bluu. Tumezindua Muleba chuma chekundu. Leo Kaagya mnapata cha kijani, ambacho nyie wenyewe mnaona kinavyowaka.

(Byarugaba amesogea mbele. Anakwaruza rangi kwa ukucha. Chini ya kijani kuna nyekundu. Anakwaruza tena. Chini ya nyekundu kuna bluu. Anawaonyesha watu kidole chake. Kelele.)

Wewe! Usikwaruze mali ya umma! Tulieni, tulieni, nitaeleza, msiwe kama watu wasio na balozi. Hizo rangi ni hatua. Kila kijiji kimeongeza sehemu yake, na chuma kimezidi kuwa kinene. Nchi gani nyingine duniani imeweza kunenepesha chuma? Tungekuwa na vyuma vitatu tungesema tuna vyuma vitatu, hiyo ni hesabu ya kawaida, hata mbepari anaiweza. Sisi tuna kimoja na tumekizindua mara tatu!

(Sauti: "Na kesho kinazinduliwa wapi?")

Ahaa. Swali zuri. Kesho kinazinduliwa Kimwani. Wageni wanatoka Dar es Salaam, watu wakubwa, wenye miwani, wanakuja kuona vyuma arobaini nilivyo... tulivyowaarifu. Kwa hiyo Landrova ikitoka hapa inapitia kwa fundi rangi, chuma kinapakwa njano, na alfajiri kinakuwa Kimwani. Vijana, njooni wanne mkipandishe kwenye gari.

(Hakuna anayenyanyuka. Byarugaba amekalia chuma.)

Ndugu Byarugaba, huo ndio ukupe niliousema. Ondoka hapo. Ndugu zangu, nisikilizeni, naongea kwa upole sasa. Nikifika Kimwani mikono mitupu, nitawaonyesha nini wale watu? Watanirudisha kufundisha hesabu darasa la tatu. Mnataka mtoto wenu arudi kwenye chaki?

(Mama Kokushubila anakuja mbele, hakai chini tena: "Ildefons, mwanangu. Mama yako na mimi tulipalilia kibanja kimoja, wewe ukiwa mgongoni. Huyu marehemu hakuniachia pikapu, pikapu ilikufa kabla yake. Aliniacha na hiyo ekseli. Nikaitazama nikilia, nikasema afadhali niwape vijana wawe wanainyanyulia pale nyuma ya jiko, angalau iwe na mtu anayeishika kwa mkono kama yeye alivyoishika. Hawa watoto hawajawahi kuvuka ziwa. Leo wanavuka. Wewe na wageni wako shauri yenu, lakini hiyo ekseli inapanda meli.")

Mama, waitu... usinifanyie hivyo mbele za watu. Nina wadhifa. Nimekusikia. Moyo wangu umesikia. Lakini Kamati haijasikia, kwa sababu Kamati haina kikao mpaka... Hebu ngojeni, hilo ni tone?

(Mvua. Mvua ya Bukoba, inayokuja yote kwa pamoja. Watu wanasimama na kukimbilia kibanda cha kupimia kahawa. Padri na Mchungaji wanainua benchi, huyu upande huu na yule upande ule, wanaliweka vichwani na kuondoka.)

Wananchi! Msikimbie! Hotuba ina kurasa nyingine! Hakuna sababu ya kutoka nje ya Jumba! Tuko ndani! Nasema tuko ndani!

(Byarugaba anainama. Anaishika ekseli, anaipandisha mpaka kifuani, halafu begani. Haguni. Vijana wenzake wanaipokea upande wa pili na kuanza kukimbia nayo kuelekea barabara ya Bukoba. Mama Kokushubila anawapigia vigelegele katikati ya mvua mpaka sauti inamkauka.)

Rudisheni! Ndugu Byarugaba, wazee bado hawajaanza! Projestus! Wawahi, Projestus, chukua gari uwafuate, wazuie!

(Landrova inaondoka kwa kasi. Inawafikia vijana. Inasimama. Chuma kinapakiwa nyuma, vijana wanapanda juu yake, na Landrova inaendelea na safari ya bandarini. Projestus anapiga honi.)

Vizuri. Vizuri kabisa. Iingie kwenye taarifa kwamba Kamati imetoa usafiri.

Chuma oyee! (Mvua inazidi.) Misuli ya Umma oyee! (Mbuzi wa mtu analia.) Mkono wa kushoto, juu! Juu zaidi! Ukupe wa zamu, chini! Haya. Imetosha.

Kabla sijafunga, naomba nitoe shukrani za dhati. Namshukuru Mama Kokushubila, mfadhili wetu mkuu na, ukichunguza sana, wa pekee. Nawashukuru vijana wa Kaagya, ambao walikwisha kuanzisha mradi huu mwaka mmoja kabla sijaubuni. Nawashukuru nyote mlioko kule kwenye kibanda cha kahawa mnaonipungia mikono nije, na nawaomba radhi kwa kulowana, kwa kuwa paa la Jumba hili, pamoja na kuta zake, sakafu yake, madirisha yake kumi na mawili na mabafu yote, likiwemo la viongozi, bado viko katika fezi ya mawazo, na mchoraji aliyekuwa achore ramani alitaka kwanza kuonyeshwa kiwanja, nami kiwanja sikuwa nacho.

Natangaza rasmi kwamba Jumba limefunguliwa. Asanteni kwa kuja. Atakayetoka wa mwisho, tafadhali, afunge mlango.