Maktaba Imefungwa kwa Ajili ya Hamasa ya Kusoma

Wananchi wote wa Mjimpya mnatangaziwa kwamba, kwa nia njema ya kuhamasisha usomaji, Maktaba ya Jamii haitatumika kwa kusoma hadi hapo Wiki ya Hamasa ya Kusoma itakapozinduliwa rasmi, kuadhimishwa rasmi na kufungwa rasmi.

Tangazo hilo nililiandika mwenyewe na kulitangaza mwenyewe, nikiwa ndani ya bajaji yenye spika mbili, kuanzia Tumbi hadi Mbwawa. Mimi ni Onesmo Kashindye, Afisa Mratibu wa Matukio, Hamasa na Itifaki wa maktaba hiyo. Wapo wabishi waliocheka. Wabishi hawakosekani, hata msibani wapo. Lakini yeyote aliyewahi kuandaa shughuli ya maana anajua kwamba huwezi kuhamasisha watu kusoma huku watu wenyewe wanakuzonga wakisoma.

Kwa hiyo viti vya chumba cha kusomea vilitolewa nje chini ya maturubai. Meza moja ndefu tuliivalisha kitambaa cha satini ikawa meza kuu. Vitabu tulivifungia kwenye maboksi visije vikachafuka wakati wa kuhamasishwa. Chumba chenyewe kikawa stoo ya maji ya chupa, fulana zilizoandikwa NASOMA, na kuku wa bonanza. Kuku hao walikuwa wa shindano la kufukuza kuku, lililopangwa kufuata mechi ya kuvuta kamba kati ya Timu Riwaya na Timu Ushairi. Kulikuwa pia na kongamano kuhusu umuhimu wa ukimya, na hilo nililitafutia jenereta na DJ.

Tatizo lilikuwa moja tu, nalo la kiitifaki. Wiki haianzi mpaka izinduliwe, na wa kuizindua alikuwa Mheshimiwa Maganga, Mlezi wa Usomaji wa kanda yetu. Mheshimiwa alikuwa ameahirisha kutokana na majukumu, akaahirisha tena, na tena. Wiki isiyoanza haiwezi kwisha, ndiyo maana Wiki yetu ilikuwa sasa inaingia mwezi wa pili. Baadhi ya kuku walikuwa wameshaanza kuatamia.

Kila asubuhi alikuja getini dada mmoja aitwaye Raudha. Kwao Kisarawe, lakini anaishi Mbwawa, kwenye chumba cha kupanga pamoja na wanawe, na nyuma ya ukuta wake kuna grosari inayopiga muziki mpaka majogoo. Alikuwa amejiandikisha kurudia mtihani wa kidato cha nne, na mtihani wenyewe ulishabisha hodi. Akifaulu, anakwenda kusomea uuguzi. Akifeli, anaendelea kukaanga mihogo kando ya barabara, basi. Vitabu alivyovihitaji vilikuwa kwetu, na utulivu pia ulikuwa kwetu, kabla hatujaanza kuuhamasisha.

"Shikamoo, afisa."

"Marahaba."

"Leo mmefungua?"

"Leo tunahamasisha."

"Mie nimeshahamasika, afisa. Nimehamasika mpaka basi. Nipe tu kakona, nitakaa hata na hao kuku."

"Chumba kile kina vifaa vya shughuli, dada yangu."

"Jamani! Mbona siombi soda? Naomba kusoma!"

"Basi wewe ndiye tunayekulenga," nilimwambia kwa upole. "Wewe ni mlengwa. Mlengwa husubiri."

Mama Biasha, mkutubi wetu, mtu mzima anayekaribia kustaafu, alisonya mpaka nikageuka.

"Onesmo mwanangu, tangu nianze kazi hii sijaona maktaba inayofukuza msomaji ikafuga kuku."

"Huo ni mtazamo wa zamani, mama."

"Na kinyesi juu ya meza za kusomea, nacho ni mtazamo?"

Mtu mzima hajibizwi, hasa akiwa amepata.

Hatimaye Mheshimiwa alithibitisha kwamba anakuja. Siku hiyo maturubai yalijaa. Kikundi cha ngoma kutoka Kisarawe kilipiga tangu asubuhi, na watoto wa shule ya msingi walipangwa mstari katika fulana za NASOMA zilizowafika magotini. Hotuba ya Mheshimiwa niliiandika mimi, kama ilivyo desturi, maana mgeni rasmi hupokea maneno yake yakiwa yameshaiva. Mahali pamoja tu niliacha wazi, mwishoni kabisa, kwenye maagizo. Kiongozi hawezi kuondoka bila kuagiza kitu, na si adabu kumchagulia cha kuagiza.

Tukasubiri. Jua likatupiga, wali ukapoa. Mchana gari jeupe likatokea peke yake, bila msafara, akashuka Khalfani, dereva wa Mheshimiwa, na hotuba mkononi.

"Mheshimiwa yuko wapi?" nilimuuliza.

"Kisarawe. Kazindua choo cha soko, wenyeji wamemng'ang'ania ale. Kamtuma naibu wake amwakilishe. Naibu ana kikao, kamtuma katibu muhtasi. Katibu muhtasi mwanawe anaumwa, kaniachia mimi. Na mimi hapa natakiwa nikamchukue bosi. Akimaliza kula asinione, nimekwisha." Akaangaza macho. Aliyekuwa karibu naye ni Raudha, kasimama getini kama kawaida yake. "Dada, unajua kusoma?"

"Ndicho nilichofuata hapa."

"Basi wakilisha."

Akamkabidhi hotuba, akageuza gari, akatuachia vumbi.

Nilitamani kumpokonya karatasi, nasema kweli. Lakini itifaki ni itifaki. Katika shughuli zetu mwakilishi wa mgeni rasmi ndiye mgeni rasmi. Anapigiwa ngoma ileile, anakalia kiti kilekile, na neno lake ni neno la aliyemtuma. Kumkataa Raudha kungekuwa kumkataa Mheshimiwa, na Wiki ingeingia mwezi wa tatu. Nikashika kipaza sauti.

"Mabibi na mabwana, tumpokee mgeni rasmi, ambaye anawakilishwa na naibu wake, ambaye anawakilishwa na, ambaye naye..." Nikapotea njia. "Tusimame!"

Watu wakasimama. Mtoto akampa ua. Raudha akapita katikati ya ngoma na mkoba wake wa madaftari, akaketi meza kuu, akanywa maji ya Mheshimiwa. Alipoitwa kuhutubia, aliisoma hotuba yangu yote bila kuruka hata salamu. Kisha akafika pale palipo wazi, akanitazama.

"Naagiza," alisema, "kuku watolewe sasa hivi."

Vigelegele vikalipuka.

"Naagiza viti virudi ndani. Hivyo hivyo mlivyokalia. Kila mtu abebe chake. Vitabu vitoke kwenye maboksi. Chumba kisifungwe tena mchana, na jioni kibaki wazi mpaka mitihani iishe. Spika zizimwe, hata za kongamano la ukimya. Afisa Mratibu akae mlangoni, ahakikishe hakuna kelele. Na viongozi, kuanzia Mlezi mwenyewe, waje hapa kila Jumamosi. Si kuhutubia. Wakae wasome. Utekelezaji uanze leo."

Mama Biasha alipiga kigelegele kirefu mpaka nikaihofia presha yake. Kwa desturi, baada ya maagizo, mratibu hutoa neno la shukrani. Nikasimama, nikasema maneno ambayo nimeyasema maisha yangu yote bila kuyasikia.

"Maagizo tumeyapokea, Mheshimiwa, na tutayatekeleza."

Nilimwita muuza mihogo Mheshimiwa mbele ya umati, na iliniuma, sifichi. Nilipogeuka, watu walikuwa tayari wamejitwika viti vichwani wanaingia ndani, na kuku wanatoka mbio, watoto nyuma yao. Bonanza lilijiendesha lenyewe.

Jioni simu ikalia.

"Onesmo! Nani kaagiza upuuzi huo?"

"Mgeni rasmi, Mheshimiwa."

"Mgeni rasmi ni mimi!"

"Ndivyo ilivyo, Mheshimiwa."

"Tengua!"

Ningetengua kwa mikono miwili, jamani. Lakini ofisi yake isingeweza kukiri kwamba bosi alikuwa Kisarawe anakula pilau. Ilikuwa imeshatangaza kila mahali, pamoja na picha yake ya zamani, kwamba Mheshimiwa Maganga amezindua Wiki kwa kishindo na kutoa maagizo mazito. Wakubwa zake walikuwa wameshampongeza. Mmoja wao aliahidi kupita Jumamosi yoyote, bila taarifa, kumwona kiongozi anayesoma pamoja na wananchi. Nikamweleza hayo yote. Kisha akaniuliza, kwa sauti ndogo, kama tuna magazeti.

Jumamosi akaja. Chumba kilikuwa kimejaa pomoni, na kiti kilichobaki kilikuwa mkabala na Raudha, ambaye alikuwa amezama kwenye baiolojia. Walikuwa hawajawahi kuonana.

"Binti, hebu sogeza madaftari kidogo," Mheshimiwa alimwambia. "Mimi ndiye niliyewafungulia chumba hiki."

"Asante, baba," Raudha alijibu, akasogeza.

Mheshimiwa hakuwa amemaliza hata kichwa cha habari, simu yake ikaita kwa mlio wa tarumbeta. Akaipokea. "Ee! Niko kwenye utekelezaji hapa!" alipaza sauti. Nikainuka kwenye kiti changu cha mlangoni, nikamsogelea.

"Mheshimiwa, ama uizime, ama utoke nayo."

"Unajua unaongea na nani wewe?"

"Na aliyeagiza, Mheshimiwa."

Chumba kizima kikamgeukia na kumfanyia "shiii!" Akatazama huku na huku akitafuta wa kumtetea. Hakumpata. Akatoka na simu yake akasimama nje juani, maana maturubai tulikuwa tumeshayarudisha. Raudha hakuinua hata kichwa. Akalamba kidole, akafungua ukurasa mwingine.